Mzee wa Jirani Naye Awekewe Zamu



Kiwandani mashine haiachwi peke yake. Anayetoka zamu ya usiku humkabidhi anayeingia na kumweleza: mkanda umelegea hapa, mafuta yanavuja pale. Lakini mitaani kwetu wako wazee wanaolala peke yao, na hakuna aliyekabidhiwa kuwaangalia. Makala hii inaeleza hatari inayowapata wakati wa mvua na baridi, na jinsi sisi wafanyakazi tunavyoweza kuipunguza.

Somo la Kinama

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha kaskazini ya Bujumbura. Maji yaliteremka kwa nguvu kutoka milimani, yakavamia Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani. Watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa. Tofali la namna hiyo likilowa hulainika, na ukuta huanguka ghafla. Kijana huruka akatoka. Je, mzee asiyesikia vizuri, asiyeona gizani, na mlango wake umezibwa na tope, atatokaje?

Baridi iko hata kwetu

Wengine husema Bujumbura hakuna baridi. Ni kweli kwamba mchana joto hufika digrii 30. Lakini mwili wa binadamu unahitaji digrii 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, maisha yako hatarini. Nguo iliyolowa huondoa joto la mwili upesi. Kijana hutetemeka, na kule kutetemeka humtia joto. Mzee hutetemeka kidogo tu, na kama halishwi vizuri hana akiba ya nguvu. Anaweza kupoa polepole bila mwenyewe kufahamu. Dalili zake ni hizi: ulimi unakuwa mzito, anachanganyikiwa, anasinzia mno, na hata tumbo lake ukiligusa ni baridi.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura wanayajua haya zaidi, maana huko milimani usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, ingawa mvua hakuna.

Tena iko hatari ya jiko la makaa. Mzee akisikia baridi huliingiza ndani na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Jiko likae nje.

Kwa nini iwe kazi yetu?

Wazee hawa wengi ni wafanyakazi wenzetu wa jana. Aliyeandikishwa na kulipiwa michango anapata pensheni. Kibarua wa kutwa ambaye hakuandikishwa hana kitu, hata kama alibeba magunia miaka thelathini. Wengine walipoteza watoto katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Aliyebaki karibu nao ni jirani.

Tufanye nini?

1. Wafanyakazi wanaokaa mtaa mmoja, pamoja na nyumbakumi, waandike wazee wote wanaoishi peke yao: nani hasikii, nani haoni, nani hawezi kutembea.

2. Kila mzee apewe majirani wawili. Wa zamu ya mchana amgongee jioni akirudi. Wa zamu ya usiku amgongee asubuhi. Zamu zikibadilika, wakabidhiane kama kiwandani.

3. Kabla ya mvua, mtaro wa mzee uzibuliwe, paa lizibwe, kitanda kiinuliwe juu ya matofali. Kitambulisho na karatasi za pensheni viwekwe ndani ya chombo kisichoingia maji.

4. Mvua ikizidi usiku, msingoje maji yafike mlangoni. Mhamisheni mapema kwenye nyumba imara iliyo mahali pa juu, iliyokubaliwa tangu zamani.

5. Mkimkuta amelowa na kupoa, mvueni nguo, mkausheni, mfunikeni mwili na kichwa. Kama anameza vizuri, apewe uji wa moto kiasi. Asipewe pombe, maana pombe huzidi kuupoza mwili. Kisha apelekwe kituo cha afya upesi.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Babu zetu walijua ikibiri: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Waswahili nao husema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Ndugu mfanyakazi, katika mkutano ujao wa tawi lako simama uulize: orodha ya wazee wa mtaa wetu iko wapi, na leo jioni ni zamu ya nani? Kama hakuna wa kujibu, anza wewe na mlango ulio karibu nawe. Nasi tutazeeka.