Kizuizi na Mwenziwe: Maelezo katika Kiini cha Linux

Neno "kizuizi" lahitaji uangalifu linapotumiwa katika taaluma ya kompyuta. Mkazi wa Shasha, katika barabara ya Sake na Minova, akilisikia hufikiria kizuizi cha barabarani, ambacho kimoja tu chatosha kusimamisha magari ya pande zote mbili. Kizuizi cha kumbukumbu si hivyo. Hicho hulinda utaratibu wa kutangulia na kufuata. Tena, kikiwa peke yake, aghalabu hakifai kitu.

Sababu ni kwamba prosesa za kisasa, kwa ajili ya kasi, huweza kubadili mfuatano wa kusoma na kuandika kumbukumbuni. Zile za Arm na POWER hufanya hivyo kwa uhuru zaidi kuliko za x86. Mfano wake ni mfanyabiashara ajazaye magunia ghalani, kisha akapandisha bendera ili mchukuzi aje. Akitanguliza bendera, mchukuzi atakuta ghala tupu. Lakini hata akishika utaratibu, mchukuzi akichungulia ghala kwanza na kutazama bendera baadaye, atapotoka vilevile: bendera i juu, naye anategemea habari ya kale. Kwa hiyo, katika Linux, upande wa kuandika huhitaji smp_wmb(), na upande wa kusoma huhitaji smp_rmb().

Hata hivyo, vizuizi hivyo huweza kuwa katika mafaili mawili tofauti, na amri zenyewe hazisemi kipi ni mwenzi wa kipi. Jukumu hilo limeachiwa maelezo yaandikwayo kwa lugha ya watu kandoni mwa amri. Hati ya vizuizi vya kumbukumbu, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2006, inasisitiza jozi hizo. Programu ya ukaguzi iitwayo checkpatch nayo huonya inapokuta kizuizi kisicho na maelezo. Lakini haipimi maana yake.

Hapa ndipo taaluma ya lugha inapohusika. Maelezo yasemayo "kulinda utaratibu" tu hayamfaidi msomaji. Yafaayo hutaja kinachotangulia, kinachofuata, na mahali alipo mwenzi: "Data iandikwe kabla ya bendera, mwenziwe ni smp_rmb() ya upande wa msomaji." Naye mwenzi hana budi kumtaja wa kwanza. La sivyo, mrekebishaji wa kesho ataona kizuizi kisicho na sababu, atakiondoa, na kosa litajitokeza mara chache mno, katika mashine ya mbali, lisionekane tena linapotafutwa.