Nailoni Haichomi Mafuta, Hata Saa Ikisema Hivyo

"Mwalimu, mbona nikikimbia na karatasi ya nailoni ndani ya tracksuit saa inaonyesha nimechoma kalori nyingi zaidi?" Swali hili limenifikia tena, safari hii kutoka Bulla Pesa, hapa Isiolo, na picha ya skrini juu yake: kilomita 5, kalori 520. Muulizaji ana kilo 60. Nitajibu kwa mara ya mwisho.

Saa haipimi kalori. Inamulika taa ya kijani kwenye ngozi, inahesabu mapigo ya moyo, kisha inakisia. Moyo ukienda mbio, inadhani misuli ndiyo inayofanya kazi. Ndani ya nailoni moyo umepewa kibarua kingine: kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Jasho hupoza linapokauka, na humo halikauki. Linatiririka tu hadi kwenye soksi. Joto linapanda, moyo unadunda zaidi, na saa inazidi kukupongeza. Miguu, kwa upande wake, imebeba uzito ule ule, umbali ule ule.

Kukimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kilo 60 kwa kilomita 5 ni 300, iwe Isiolo saa saba mchana au Nanyuki alfajiri. Hizo 220 za ziada ni joto la nailoni. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 vya mkononi. Mapigo ya moyo, vingi vilijitahidi. Kalori, kilichokaribia ukweli kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93.

"Lakini mizani imeshuka kilo nzima!" Hiyo ni lita moja ya jasho. Kunywa maji, itarudi kabla ya chakula cha jioni. Kilo ya mafuta ina kalori kama 7,700. Hukuiacha kwenye barabara ya Moyale kwa dakika 40. Na si mchezo: mwishoni mwa 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walikufa wakijikausha ndani ya mavazi yasiyopitisha hewa ili watimize uzani.

Wanaolalamika kwamba sasisho jipya la saa "limewashusha" VO2max (makadirio ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni) tangu wahamie Isiolo kutoka Nairobi, sababu ni hiyo hiyo: saa inalinganisha mwendo na mapigo, na joto hupandisha mapigo. Saa za Garmin zenye kipengele cha kuzoea joto huanza kulihesabu joto kuanzia nyuzi 22 za Selsiasi, ila hutegemea taarifa za hali ya hewa kutoka kwenye simu, kwa hiyo iunganishe.

Mengine haraka. Andika uzito wako wa kweli kwenye mipangilio. Ondoa kalori kwenye skrini. Saa ikae juu kidogo ya kifundo cha mkono, imebana. Mapigo yakionyesha 170 na hatua kwa dakika pia ni 170, inahesabu miguu. Nunua mkanda wa kifuani. Mnaojiandaa kwa mbio za Lewa, kimbieni kabla jua halijachomoza. Jipime kabla na baada, unywe kilichopungua taratibu. Kizunguzungu kikianza, simama, ingia kivulini, umwagiwe maji. Usisubiri saa itimize kilomita.