Jino la ziada likishatolewa, kazi huanza nyumbani

Mwanangu wa pili ana miaka minane. Alipong'oka meno mawili ya juu ya mbele, la kushoto liliota kama kawaida. La kulia halikuota. Miezi ikapita, mwaka ukakaribia, na kila niliyemuuliza aliniambia ningoje, eti meno ya watu hayaoti siku moja. Nikangoja hata nikachoka. Mwisho nilimpeleka kwa daktari wa meno, akapigwa eksirei, na kwenye picha tukaliona jino dogo lenye ncha kama msumari, limejilaza juu kwenye kaakaa, limeziba njia ya jino la haki.

Hilo ndilo jino la ziada. Mtoto hupewa meno 20 ya utotoni, kisha mtu mzima hufikia 32. Wako wanaozidishiwa moja au mawili juu ya hesabu hiyo, na mahali pake pa kawaida ni hapo katikati ya meno ya mbele ya juu. Huonekana kwa mtoto mmoja hadi watatu katika kila mia, na wavulana hupata zaidi kuliko wasichana. Si uchawi, wala si kosa la mama alipokuwa na mimba. Nalisema hili kwa sababu kwetu Pwani maneno ya meno hayakosi: mtoto akianza kuota ya juu aliitwa kigego, akanyooshewa kidole. Mwanangu naye alishasikia ya kusikia chuoni kabla hata hatujafika hospitali.

Upasuaji wenyewe haukunipa taabu. Alilazwa usingizi kwa dawa, akachanjwa fizi kwa nyuma ya meno ya mbele, jino likatolewa, akashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Alasiri tukaruhusiwa. Muuguzi alinieleza mambo mengi kwa haraka, nami nilikuwa naitikia tu huku macho yako kwa mtoto. Wazazi wenzangu, hapo ndipo nilipokosea. Ombeni yaandikwe, au andikeni wenyewe.

Kwenye feri ya kurudi Likoni mwanangu alitaka kutema kila dakika. Mate yake yalikuwa mekundu na watu wakatutazama. Mate kuwa na wekundu siku ile ya kwanza si jambo la kutisha, tone moja la damu likichanganyika na mate huonekana kama kikombe kizima. Ubaya ni kule kutema. Juu ya kidonda huganda donge la damu, na donge hilo ndilo kifuniko na ndilo dawa. Kutema kwa nguvu, kufyonza kwa mrija, kusukutua, kugusagusa kwa ulimi au kidole, vyote hulibandua. Mtoto ameze mate yake, au ainamishe kichwa yadondoke kwenye kitambaa.

Jambo jingine nililoliona mapema ni ganzi. Hata mtoto aliyelazwa usingizi huchomwa ganzi papo kwenye fizi, na mdomo hukaa saa mbili hadi nne hauna habari. Mwanangu akaanza kuutafuna mdomo wake wa juu kwa mchezo, kwa kuwa alihisi kama kitu kisicho chake. Ganzi ikitoka, donda la mdomo huuma kuliko la upasuaji. Basi muda huo wote mtu mzima amkalie karibu, na asipewe cha kutafuna.

Tulipofika nyumbani mavyaa wangu alikuwa ameshachemsha maji ya chumvi. Yeye ndiye aliyelea watoto saba, mimi ni nani nimwambie la kufanya? Nilikumbuka nusunusu kwamba muuguzi alisema kitu kuhusu maji ya chumvi. Nikanyamaza. Mtoto akasukutua maji ya moto mara mbili tatu, na damu ikaanza upya, safari hii damu kwelikweli.

Namshukuru Mungu shashi ya hospitali ilikuwa mkobani. Tulimkalisha wima, tukakunja shashi safi iliyoloweshwa kidogo, nikaikandamiza pale penye kidonda kwa kidole, na mume wangu akatazama saa. Dakika 20 bila ya kufunua. Ukifunua kila dakika kutazama kama imeacha, unaanza upya kila mara. Ilipotimia, damu ilikuwa imekoma. Kama ingepita nusu saa ya kukandamiza bado inatoka, tungerudi hospitali usiku uleule.

Mavyaa hakukosea dawa, alikosea siku. Maji ya chumvi ni mazuri sana, lakini baada ya saa 24 kupita, yawe vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa gilasi moja. Mtoto ayazungushe mdomoni polepole baada ya kula, kisha ayaache yamwagike. Mwanangu alifanya hivyo wiki nzima, na nyanya yake ndiye aliyekuwa akimshikia gilasi.

Tulibishana pia juu ya baridi. Wazee wetu huogopa baridi isiingie kwenye kidonda. Lakini siku hiyo ya kwanza baridi ndiyo inayotakiwa: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, iwekwe nje juu ya mdomo kwa dakika 15, ipumzishwe, irudiwe. Barafu isiguse ngozi tupu. Hata hivyo mdomo utavimba, na uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Kama sikuambiwa hilo mapema, asubuhi ya pili ningepiga mayowe, maana mtoto aliamka mdomo umetuna kama aliyeumwa na nyuki. Kumlaza usiku kwa mito miwili kunasaidia kidogo.

Chakula ndicho kilichonipa taabu zaidi, kwa sababu mtoto wa mtaani kwetu hula barabarani kuliko nyumbani. Uji wa mchele uliopoa, mtindi, ndizi mbivu ya kuponda, viazi vya kuponda, mayai ya kuvuruga, supu iliyopoa: hivyo vilipita. Madafu anywe kwa kikombe, si kwa mrija. Siku ya tatu mavyaa alipika bokoboko laini, akaiacha ipoe, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipomwona akila kwa raha. Barafu za mifuko zinazouzwa nje ya shule zinaonekana kama zinafaa kwa ubaridi wake, lakini zile hufyonzwa, na kufyonza ndiko tunakokukimbia. Mabuyu nayo ni balaa mara mbili. Mbegu ngumu hukwaruza kidonda, na ile rangi nyekundu hukufanya usijue kama mtoto anatoka damu au amekula mabuyu kwa siri. Kwangu yametokea yote mawili. Kachri za muhogo, bhajia, achari na pilipili vingoje wiki moja au zaidi.

Kwa maumivu, usingoje mtoto alie. Dozi ya kwanza tulimpa kabla ganzi haijaisha, kama tulivyoelekezwa. Parasetamoli ya watoto hupimwa kwa uzani wa mtoto, si kwa umri wa kukisia, kwa hiyo muulize daktari ni mililita ngapi. Ipimwe kwa bomba au kikombe kinachokuja na chupa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Zipite saa nne au zaidi kati ya dozi na dozi, na zisizidi nne kwa siku. Sisi tulibandika karatasi mlangoni mwa friji tukiandika saa ya kila dozi, kwa sababu siku ya kwanza nusura apewe mara mbili, na mimi na babake. Aspirini mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe. Baadhi ya vidonge vya maumivu vya dukani vina aspirini ndani yake, basi usimpe mtoto nusu ya kidonge cha mkubwa. Wala usimpakie kidondani karafuu, tumbaku au majivu.

Meno mengine yaendelee kupigwa mswaki, kwa mswaki laini, ukikipita kidonda kwa mbali siku za kwanza. Mwanangu alikaa nyumbani siku tatu bila shule wala chuo, na mpira na kuogelea baharini vikangoja wiki. Alinuna. Mambo ya kumrudisha mtoto hospitali bila kungoja tarehe ni homa ya 38 na kuendelea, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya isiyoondoka, au kushindwa kunywa. Akipata shida ya kumeza mate au kupumua, hapo ni dharura, msingoje asubuhi.

Na jambo moja la kabla ya yote hayo. Tuache kuwatisha watoto kwa sindano. Miaka mitatu nilikuwa nikimwambia huyu huyu, "Ukileta utundu nakupeleka kwa daktari akudunge." Siku ya upasuaji alinishika buibui akaniuliza amefanya kosa gani. Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia ukweli: kuna jino limefunga mlango, litatolewa akiwa amelala, akiamka patauma kidogo na dawa ipo. Alitulia kuliko nilivyotaraji.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa daktari, kidonda kilikuwa kinafunga vizuri. Wengi hawarudi wakiona mtoto anakula, lakini jino la haki halishuki siku ileile. Huchukua miezi, na lisiposhuka lenyewe huenda likahitaji kuvutwa taratibu kwa waya. Tumepewa tarehe ya kupiga picha nyingine baada ya miezi sita. Kwa sasa kila usiku baada ya isha mavyaa humwita mjukuu wake, akamwasha tochi ya simu mdomoni, akatazama.