Fahamu NAS, seva na IP: Namna ofisi za Tunduma zinavyoweza kulinda nyaraka

Songwe. Chukulia ofisi ya wakala wa forodha mjini Tunduma yenye kompyuta nne. Lori la kwenda Zambia limeshafika mpakani na dereva anapiga simu kila dakika tano, lakini ankara ya mzigo ipo kwenye kompyuta ya mfanyakazi aliyeenda Vwawa, na nywila anaijua yeye tu.

Kompyuta hiyo ikiibwa au diski yake ikifa, nyaraka za wateja zinaondoka nayo.

Suluhisho lipo, ila mafundi wakianza kulieleza hutaja maneno yanayochanganya. Haya hapa kwa lugha rahisi.

LAN na intaneti
LAN ni mtandao wa ndani: kompyuta, printa na simu za ofisi moja zilizounganishwa kwa waya au Wi-Fi. Intaneti ni mtandao wa dunia nzima.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, mwenye mafaili mtandaoni pekee hukwama. Aliyeyaweka ndani ya LAN huendelea kuyafungua, ingawa kutuma taarifa kwenye mfumo wa forodha wa TRA bado kunahitaji intaneti.

Swichi na ruta
Swichi ni kifaa chenye matundu mengi ya waya, kinachounganisha vifaa vya ofisini. Ruta huunganisha ofisi na nje. Kwa mtu wa Tunduma, swichi ni kama barabara za mtaani, ruta ni kama mpaka wa Nakonde: kila kinachotoka au kuingia lazima kipite pale.

Anwani ya IP
Ni namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, mfano 192.168.1.20. Namba zinazoanza na 192.168 hutumika ndani tu, ndiyo maana ofisi mbili tofauti zinaweza kuwa na namba ileile bila kugongana.

Seva na NAS
Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. NAS ni seva ndogo ya kuhifadhi mafaili tu: boksi lenye diski, mara nyingi mbili au zaidi, linalochomekwa kwenye swichi au ruta. Ni vyema lipewe IP isiyobadilika ili kompyuta zisilipoteze.

Kila mfanyakazi hupewa jina na nywila yake, na msimamizi huamua nani asome tu na nani abadilishe.

SMB na NFS
Hizi ni itifaki, yaani lugha ambayo kompyuta na seva hutumia kupeana mafaili. SMB hutumika zaidi kwenye Windows. NFS, iliyoanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems miaka ya 1980, hutumika sana kwenye Linux. Ofisi yenye Windows tupu inatosha na SMB.

Megabiti na megabaiti
Hapa wengi hupigwa chenga. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde, faili la megabaiti 500 huchukua sekunde zisizopungua 40. Kwenye waya wa gigabiti 1, ni kama sekunde 4.

RAID si bakapu
RAID ni mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi pamoja. Kwenye aina moja maarufu, diski mbili huandikwa kitu kilekile, hivyo moja ikifa nyingine inaendelea. Lakini faili likifutwa kwa bahati mbaya, linafutika kote. Na mwizi akibeba boksi, kabeba zote.

Bakapu ni nakala inayokaa pembeni. Kanuni inayotumika sana ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya ofisi. Kwa ofisi ya Tunduma, moja inaweza kukaa kwenye NAS, nyingine kwenye diski ya nje, ya tatu mtandaoni au kwa mtu wa kuaminika Vwawa.

Bakapu nayo ijaribiwe. Walau mara moja kwa mwezi, mtu afungue faili kutoka kwenye nakala aone kama linafunguka, kabla lori halijafika mpakani.