Wali, Pweza na Tumbo Lililopunguzwa
Jinsi vyakula vinavyorudishwa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Tumbo la mtu mzima ni mfuko wa misuli unaotanuka. Likiwa tupu huwa dogo na lenye mikunjo mingi. Likijaa huweza kuchukua kiasi cha lita moja hadi lita moja na nusu ya chakula na kinywaji. Uwezo huu wa kutanuka ndio unaotuwezesha kula mlo mmoja mkubwa, kisha tukafanya kazi kwa saa kadhaa bila kula tena. Katika makala haya tutaeleza yanayotokea uwezo huo unapoondolewa kwa makusudi, yaani mtu anapofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Tutajishughulisha hasa na swali ambalo huwasumbua wengi waliofanyiwa upasuaji huo: vyakula nilivyovizoea na kuvipenda vitarudi lini, na kwa namna gani?

Swali hili huonekana dogo, lakini siyo dogo. Mwenye pupa hutapika, hupungukiwa maji mwilini, na huweza kukosa vitamini hata akaumia mishipa ya fahamu. Mwenye hofu naye huishi kwa uji na supu muda mrefu kupita kiasi, na misuli yake ikadhoofika kwa kukosa protini. Jibu lililo sahihi halitokani na orodha ya vyakula vya kuruhusiwa na vya kukatazwa. Latokana na kuelewa umbile la chakula chenyewe na umbile jipya la tumbo.

Ili maelezo yetu yawe na mahali pa kushika, tutatumia vyakula vya kijiji kimoja: Utende, katika Kisiwa cha Mafia. Kijiji hiki kipo kando ya Ghuba ya Chole, na ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Chakula cha huko ni kile cha pwani yetu yote: wali wa nazi, samaki, pweza, muhogo, chapati, vitumbua na madafu. Tuseme, basi, kwamba mkazi mmoja wa Utende amerudi nyumbani baada ya kufanyiwa upasuaji huu. Sahani iliyo mbele yake ni ileile. Tumbo ndilo lililobadilika.

Nani hufanyiwa upasuaji huu

Unene wa kupita kiasi hupimwa kwa kugawa uzito wa mtu kwa kilo na kipeo cha pili cha urefu wake kwa meta. Mtu mwenye kilo 110 na urefu wa meta 1.60 hupata 110 ÷ 2.56, yaani 43 hivi. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walipendekeza upasuaji kwa watu waliofikia 40, au 35 ikiwa wana maradhi yanayoletwa na unene, kama vile kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha viwango hivyo hadi 35, na 30 kwa wenye maradhi.

Jambo hili si geni kwetu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2015–16 ulionyesha asilimia 28. Wapo Watanzania waliosafiri hadi India kwa upasuaji huu. Katika miaka ya 2020, Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila ilianza kutoa huduma ya kuingiza puto tumboni kwa kupitia kinywani. Puto si upasuaji, nalo hutolewa baada ya muda, lakini mtu aliyewekewa hupitia ngazi za ulaji zinazofanana na hizi tutakazozieleza.

Umbile jipya

Daktari Theodor Billroth wa Vienna alifaulu kuondoa sehemu ya tumbo la mgonjwa wa saratani mwaka 1881. Baadaye madaktari waliokuwa wakikata matumbo ya wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliona kwamba wagonjwa hao walikonda na hawakunenepa tena kwa urahisi. Kutokana na jambo hilo, Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walianza mwaka 1966 kutumia upasuaji wa aina hiyo kutibu unene.

Siku hizi njia mbili ndizo zitumikazo zaidi. Katika ya kwanza, tumbo hukatwa kwa urefu na kiasi cha robo tatu au zaidi huondolewa. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, kifuko cha mililita 30 hivi hutengwa sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hata chakula kisipite katika sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Mililita 30 ni kama nusu ya kile kikombe kidogo cha kahawa kinywewacho barazani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mgonjwa huyu, kibaba chenyewe kimepunguzwa.

Njaa na hamu

Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Njaa ni taarifa ya mwili kwamba unahitaji chakula. Hamu ni taarifa ya kumbukumbu: harufu ya tui linalochemka, sauti ya kitumbua kikiiva, saa ya jioni ambapo mtu amezoea kula kitu fulani.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao, waligundua homoni iitwayo ghrelini, ambayo huamsha njaa. Sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa upande wa juu wa tumbo, na upande huo ndio unaoondolewa katika njia ya kwanza. Kwa sababu hiyo, wengi hukaa miezi kadhaa bila kuhisi njaa kali. Hamu, hata hivyo, haikatwi kwa kisu, kwa kuwa makao yake ni ubongo. Mgonjwa anayelilia wali huku tumbo lake limeshiba hajakosa nia wala hajalogwa. Mifumo miwili ya mwili wake inampa habari zinazotofautiana. Wengine, kinyume chake, huona chakula walichokipenda kimekuwa kitamu mno au hakina ladha tena.

Ngazi za kurudisha chakula

Mshono wa tumbo huhitaji wiki kadhaa kupona. Kwa hiyo chakula hurudishwa kwa ngazi, ingawa siku kamili hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, funda moja moja. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vinywaji vizito kidogo, kama maziwa na uji mwembamba. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa: samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba yote, maharage yaliyosagwa, mtindi. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini, kama mayai na samaki wa kuchambuka. Baada ya hapo vyakula vya kawaida hujaribiwa kimoja kimoja.

Neno «kimoja kimoja» lina maana ya kisayansi. Mtu akijaribu vyakula vitatu vipya siku moja kisha akatapika, hatajua ni kipi kilichomdhuru. Akijaribu kimoja, kwa kiasi cha vijiko viwili, amefanya jaribio lenye jibu. Kikikataliwa leo, hukiweka kando wiki mbili tatu na kukijaribu tena. Kukataliwa mara moja si kukatazwa maisha. Hutafuna hadi chakula kiwe kama uji, hula kwa muda wa nusu saa hivi, wala hanywi maji pamoja na chakula.

Kwa nini wali huchelewa

Watu wengi hudhani kwamba nyama ndiyo ngumu na wali ni laini. Kwa tumbo lililopunguzwa, wali, chapati na mkate huwa miongoni mwa vyakula vinavyosumbua zaidi. Punje ya mchele hufyonza maji na kuvimba. Unga wa ngano ukitafunwa hugeuka donge linalonata. Tumbo la kawaida lingelivuruga donge hilo kwa nguvu za misuli yake. Kifuko kidogo hakina nguvu hizo, na njia ya kutokea ni nyembamba.

Ndiyo maana wali hurudi kwanza kama uji wa mchele, baadaye kama bokoboko, na mwisho, mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, kama wali wa vijiko vichache. Tui nalo lina ngazi zake. Kasimile, lile tui la kwanza, lina mafuta mengi, na kila gramu ya mafuta hutoa nishati zaidi ya maradufu ya gramu ya wanga. Tui la mkamuo wa pili hutoa harufu na ladha kwa mafuta machache zaidi. Mpishi wa Utende tayari anajua kuyatenga. Anachohitaji ni kujua sababu.

Pweza: mgumu lakini mwenye faida

Nyama ya pweza imeshikwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Wavuvi humpigapiga pweza kwa fimbo au juu ya jiwe ili kuzivunja nyuzi hizo, na wapishi humchemsha muda mrefu hadi kolajeni igeuke jelatini, ambayo ni laini. Pweza asiyepondwa vema huweza kukwama katika njia nyembamba. Kwa hiyo huwa miongoni mwa vyakula vya mwisho kurudi.

Lakini anastahili kungojewa. Gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini ya gramu 30 hivi. Mgonjwa huhitaji walau gramu 60 za protini kwa siku, na kipande cha gramu 30 tu humpa gramu 9. Aidha, pweza ana vitamini B12 nyingi kupita mahitaji ya siku. Hata hivyo, ili B12 ifyonzwe huhitaji asidi na protini maalumu vitolewavyo na ukuta wa tumbo, na sehemu ya ukuta huo sasa imeondolewa au haipitiwi na chakula. Mtu aweza basi kula pweza kila wiki na bado akakosa B12. Vidonge au sindano za vitamini alizoandikiwa huendelea maisha yake yote, hata pale vyakula vyote vimekwisha kurudi.

Vitamu na maji ya utumbo

Mwalimu aweza kuonyesha jambo lifuatalo darasani. Chukua viazi viwili vibichi, uvimenye na kuchimba shimo juu ya kila kimoja. Tia kijiko cha sukari katika shimo la kimoja, jingine liache tupu, kisha visimamishe katika sahani yenye maji kidogo. Baada ya saa kadhaa shimo lenye sukari litakuwa limejaa maji, kwa osmosisi. Lile tupu halitajaa hivyo.

Jambo kama hilo hutokea ndani ya mtu aliyepasuliwa, hasa kwa njia ya pili. Soda au kashata hufika katika utumbo mwembamba kwa ghafla, kwa kuwa ule mlango wa chini wa tumbo unaopima chakula kidogo kidogo haupitiwi tena. Sukari huvuta maji kutoka katika damu kuingia utumboni. Katika dakika 10 hadi 30 moyo hupiga mbio, jasho hutoka, tumbo husokota na kuhara hufuata. Saa moja hadi tatu baadaye, insulini iliyotolewa kwa wingi huweza kushusha sukari ya damu kupita kiasi, na mtu akatetemeka au kuzirai. Dafu lina sukari isiyofikia nusu ya ile ya soda; likinywewa funda kwa funda, mbali na chakula, wengi hulistahimili.

Sinia moja

Pwani watu hula pamoja, na mgeni hukaribishwa kwa msisitizo. Anayenyoosha mkono mara tatu na kuacha huonekana amedharau au amekasirika. Hapo ndipo wagonjwa wengi hushindwa: hula kwa ajili ya kuwaridhisha wenyeji, kisha hutapika gizani. Jamaa wakielezwa mapema, wamtengee kisahani, aanze na samaki na kumalizia na wali akiweza, naye abaki katika duara la mazungumzo. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, apate ushauri wa daktari kabla ya kufunga, maana hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja wakati wa futari.

Jamaa hao wajue pia dalili za hatari. Mgonjwa anayetapika siku mbili mfululizo, au asiyeweza kuweka tumboni hata maji, asingojee. Akiba ya mwili ya vitamini B1 huweza kwisha katika wiki mbili au tatu, na upungufu wake huleta kuona maluwiluwi, kuyumba na kuchanganyikiwa, madhara ambayo yakichelewa kutibiwa huenda yasiondoke. Kutoka Utende, hospitali ya wilaya ipo Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa, na mabingwa wa upasuaji huu wako ng'ambo ya bahari. Umbali huo ni sababu ya kuondoka mapema.

Tumeona, basi, kwamba chakula kipendwacho hakirudi kama zawadi ya mgonjwa mwema, wala hakizuiliwi kama adhabu. Hurudi pale kinapopondwa, kinapochemshwa na kupimwa hadi kilingane na njia kinayopitia. Mwalimu wa elimu-viumbe na mwalimu wa mapishi wanaweza kulifundisha somo hili kwa pamoja, kwa kiazi, sukari na mkono mmoja wa pweza.