Nani Atakupa Kazi ya Kwanza?

Anayetaka kuishi kwa kazi huru, yaani kufanya kazi za wateja mbalimbali bila kuajiriwa na yeyote, hukwama mapema kwenye swali moja. Mteja anataka kuona kazi ulizokwisha kufanya, nawe huna za kuonyesha kwa sababu hakuna aliyekupa. Ushauri unaomiminika YouTube na kwenye makundi ya WhatsApp huliruka swali hili. Utaambiwa lipia kozi, tafuta kompyuta mpakato nzuri, andika wasifu wa kuvutia, jisajili kwenye masoko ya kazi ya mtandaoni, kisha omba, omba tena, usichoke. Wapo waliofika kwa njia hiyo. Lakini ushauri wenyewe umejengwa juu ya dhana kwamba anayeanza amepungukiwa ujuzi na vifaa. Wengi wanaokwama ujuzi wa kuanzia wanao, na simu wanayo. Wamekosa mtu wa nje anayeweza kusema, kwa jina lake, kwamba kazi yao ameiona na ni nzuri.

Uzito wa neno la mtu wa nje umewahi kupimwa. Amanda Pallais, mchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 2014 matokeo ya jaribio alilolifanya oDesk, soko la kazi za mtandaoni lililokuja kuungana na Elance na ambalo leo tunaliita Upwork. Alitangaza kazi ya kuingiza data kwa ujira usiozidi dola 3 kwa saa. Miongoni mwa walioomba akawateua 952 kwa bahati nasibu, akawapa kazi ya saa chache, kisha akawaandikia tathmini ambayo kila mwajiri sokoni angeweza kuisoma. Kwa wale waliokuwa hawajawahi kuajiriwa pale, mapato ya miezi miwili iliyofuata yalikaribia mara tatu ya mapato ya wenzao walioomba wakakosa. Saa chache za kunakili tarakimu hazimfundishi mtu ufundi wa kumpandisha daraja. Watu walikuwa walewale, na mikono ileile. Kilichoongezeka ni maandishi ya mtu mwingine chini ya majina yao. Tena waliopewa tathmini yenye maelezo ya kina walinufaika zaidi kuliko waliopewa alama na maneno mawili matatu, jambo ambalo nitalirudia kwa kuwa lina faida kubwa kwa asiye na fedha.

Miaka miwili baadaye watafiti wengine, Christopher Stanton na Catherine Thomas, walitoa matokeo kuhusu soko hilohilo. Waliwatazama wafanyakazi wapya waliojiunga na vikundi vidogo vya wenzao waliotangulia. Hao walipata kazi za mwanzo kwa urahisi zaidi na kwa ujira bora kuliko waliosimama peke yao, ila faida hiyo ilififia kadiri sifa za mfanyakazi mwenyewe zilivyozidi kujulikana. Mark Graham na wenzake wa Oxford, waliowahoji wafanyakazi wa mtandaoni wa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, walikuta kitu cha jamaa moja na hicho: wenye sifa nzuri hupokea kazi nyingi kuliko wanavyoweza kuzimaliza, wakazigawa kwa wengine. Mkazi wa Dar es Salaam hatashangaa. Deiwaka wa daladala huanza vivyo hivyo, kwa kushika usukani ruti mbili tatu dereva mwenyewe akipumzika, na siku tajiri wa gari anapotafuta dereva, tayari jina analo.

Kama hivyo ndivyo, basi kazi ya miezi ya kwanza ni kupata ushahidi kwa gharama ndogo iwezekanavyo, na fedha za maana zitafuata. Hapo ndipo masoko makubwa ya mtandaoni yanapogeuka kuwa mahali pa ghali pa kuanzia. Upwork huuza tokeni za kuombea kazi kwa senti 15 za dola kila moja, na ombi moja humeza kadhaa, ujibiwe usijibiwe. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila unacholipwa. Mtanzania ana tatizo la ziada, kwamba kwa miaka mingi akaunti za PayPal zilizofunguliwa nchini zimekuwa za kutuma fedha bila kupokea. Juu ya yote kuna wingi wa watu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa wanaofanya kazi za mtandaoni duniani ni kati ya milioni 154 na milioni 435. Upana wa makadirio hayo unaonyesha jinsi wasivyohesabika kirahisi, lakini hata ukichukua idadi ya chini, asiye na tathmini hata moja hawezi kuonekana katika foleni ya namna hiyo. Ataonekana pale ambapo ameshajulikana nusu.

Tuliangalie hili kwa karibu. Tanzania ina vikundi vingi vya kuweka na kukopa, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vimetakiwa kusajiliwa, kwa hiyo vinahitaji katiba na mihtasari iliyoandikwa vizuri. Halmashauri nazo zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na anayeomba hukutana tena na makaratasi: katiba, muhtasari, andiko la mradi. Vikundi vingi vina daftari la mistari lililojaa mwandiko wa katibu, basi. Kijana mwenye Kiswahili kinyoofu na simu ya kawaida anaweza kuipanga katiba hiyo kwa programu za bure za kuandikia na kuichapisha steshenari ya jirani. Mtaji wake ni bando na karatasi.

Ujumbe wa kuombea kazi hiyo hauhitaji mbwembwe. “Shikamoo mama Mwenyekiti. Nimesikia kikundi chenu kinaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri. Mimi huchapa na kupanga katiba na mihtasari. Mkinipa daftari la kikao kilichopita, kesho jioni nitawaletea ukurasa mmoja muuone, huo hauna malipo. Mkiridhika, tutakubaliana bei ya kurasa zilizobaki.” Mwenyekiti amesikia shida ya kikundi chake ikitajwa, amepewa siku, na anachohatarisha ni daftari kukaa nje usiku mmoja. Hakuna mahali alipoulizwa kama anaamini vijana, wala hakuombwa kusoma wasifu wa kurasa mbili.

Kazi ikikamilika na kulipwa, ndipo jambo ambalo wengi hulisahau linapofuata. Omba maneno ya mwenyekiti kwa maandishi, na omba ruhusa ya kuyaonyesha. “Kijana mchapakazi, Mungu ambariki” ni dua njema, lakini haimsaidii mteja anayefuata kuamua. Mwulize mwenyekiti kilichotokea hasa, naye atakuambia: alileta kurasa saba siku aliyoahidi, aliona kwamba kifungu cha faini kinapingana na kifungu cha mwanachama kujitoa, akauliza kabla ya kusahihisha, karatasi zilipokelewa bila kurudishwa. Hii ndiyo tathmini ya kina iliyowanufaisha watu wa Pallais, na imepatikana bila tokeni. Iambatanishe na kurasa mbili za kazi yenyewe zilizofutwa majina ya wanachama, na tayari una cha kumwonyesha mkuu wa shule, mwenye duka la dawa au shirika linalotafuta mtu wa kuandika mihtasari ya mikutano yake.

Pingamizi la kwanza ni la haki: vikundi vya mtaani hulipa kidogo. Ni kweli, na anayebaki huko miaka mitano hatajenga nyumba. Ila ujira huo mdogo ulinganishwe na kile ambacho anayeanza anakipata kweli kwenye masoko ya dola, ambacho kwa miezi mingi huwa sifuri kasoro bando. Kazi ya mtaani hulipwa kwa simu siku hiyohiyo. Tena hakuna sababu ya kuiuza kwa bei ya huruma mara tatu nne mfululizo. Ushahidi wa kwanza na wa pili una thamani kubwa, wa sita hauongezi sana. Bei ipande mara tu mteja wa tatu anapokuja kwa kuelekezwa na wa pili.

Pingamizi la pili huwa kali zaidi. Kufanya kazi bure ni kunyonywa, na wapo wateja wanaoishi kwa kukusanya “majaribio” ya vijana kumi, wakatumia la bora na kutomlipa yeyote. Wapo, na hawakosi. Tofauti iko kwa anayeweka mpaka. Ukurasa mmoja ulioutoa mwenyewe, kwa mtu unayejua anapoishi, ni gharama unayoweza kuibeba. Ripoti nzima iliyoagizwa na mtu wa barua pepe usiyemfahamu ni kibarua bila ujira. Baada ya sampuli, mafundi wetu wameshatuonyesha utaratibu: fundi seremala hakati mbao zako bila kianzio. Nusu mbele, nusu wakati wa kukabidhi, na idadi ya marekebisho itajwe kabla ya kuanza. Ujumbe mmoja wa WhatsApp uliojibiwa “sawa” unatosha kuwa mkataba kwa kazi ya ukubwa huo.

Ipo njia ya mkato inayowavuta wengi, hasa Kenya, nayo ni kuwaandikia wanafunzi wa ng’ambo insha na tasnifu zao, mara nyingi kupitia akaunti ya kukodi au ya kununua kwa mtu mwingine. Tuweke kando kidogo suala la uadilifu, ingawa si dogo. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa jinai. Hata kwa hesabu ya biashara tupu, njia hii ni mbovu. Mwandishi anaweza kuandika tasnifu arobaini asibaki na ukurasa mmoja wa kuonyesha, kwa sababu kila kazi ni siri na ina jina la mwingine. Nyota zinazopatikana huenda kwa mwenye akaunti, na siku akaunti inapofungwa au mwenyewe akiidai, miaka ya jasho inaondoka nayo. Ni kazi inayolipa leo bila kukusogeza hatua.

Na akili bandia? Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, uandishi na tafsiri nyepesi vimepigwa. Utafiti wa Xiang Hui, Oren Reshef na Luofeng Zhou uliotazama Upwork uliona kazi za wafanyakazi wa fani zilizoguswa zikipungua kwa asilimia 2 na mapato yao kwa mwezi kwa asilimia 5.2, na waliokuwa na sifa bora hawakunusurika. Matokeo hayo yanaigusa hoja yangu moja kwa moja: kama sifa nzuri haziwakingi waliotangulia, kwa nini mtu ahangaike kuzikusanya? Jibu langu ni la sehemu tu. Sifa inayosema “anaandika vizuri” imeshuka bei, kwa sababu mashine nayo inaandika vizuri. Inayosema “aligundua vifungu viwili vinapingana, akauliza” haijashuka vivyo hivyo, maana ili kuuliza ilibidi kukijua kikundi, kumjua katibu na kujua afisa wa halmashauri anatazama nini. Anayeanza leo achague kazi zenye mambo kama hayo ndani yake. Kunakili tarakimu, kazi ileile ya jaribio la Pallais, nisingemshauri mtu aiwekee matumaini.

Linabaki pingamizi ambalo sina jibu lake kamili. Kuanzia kwa wanaokujua nusu kunampendelea mwenye jamaa, jirani na watu wa msikitini au kanisani. Binti aliyehamia mji mgeni mwezi uliopita hana mama Mwenyekiti wa kumwamkia. Kwake njia ya deiwaka ni bora: amtafute mwenye kazi nyingi, achukue kipande, akubali jina lake kutokuonekana kwa kazi moja au mbili kwa makubaliano kwamba kwenye ya tatu litaonekana. Zaidi ya hapo, mzigo si wake peke yake. Pallais aliona kwamba faida ya kumjaribu mgeni huenda kwa mgeni mwenyewe na kwa waajiri wanaomfuata, huku gharama ikibebwa na wa kwanza, na ndiyo maana kila mmoja husubiri mwenzake aanze. Kwa hesabu zake, faida kwa soko zima ilizidi gharama ya jaribio.

Serikali zetu zimewekeza zaidi katika mafunzo. Kenya imekuwa na mpango wa Ajira Digital tangu mwaka 2016, na darasa lina maana yake, ila cheti cha darasani hakimwambii mteja kama kazi italetwa siku iliyoahidiwa. Halmashauri, ambayo kila mwaka ina mabango ya kuandika, mikutano ya kuandikia mihtasari na taarifa za kutafsiri, ingeweza kukata kazi hizo vipande vidogo, kumpa kila kijana asiye na historia kimoja kwa malipo ya kawaida, na kumtaka afisa aliyekipokea aandike aya moja ya tathmini yenye jina na tarehe. Kazi hizo zingefanyika kwa vyovyote na bajeti yake ipo. Kinachoongezwa hapo ni ile aya ya afisa.