Rangi Kwenye Kioo cha Gari

Gari linapopulizwa rangi, chembe za rangi huruka. Nyingine hutua kwenye vioo na kukauka. Usiku, taa za gari lingine zikimulika kioo hicho, mwanga hutawanyika. Dereva hamwoni vizuri mtu aliye barabarani. Anaweza kumgonga.

Wengine husugua rangi hiyo kwa mchanga. Usifanye hivyo. Mchanga hukwaruza kioo. Usitumie petroli pia. Hushika moto upesi.

Fanya hivi. Weka gari kivulini. Osha kioo kwa maji mengi mpaka vumbi lote litoke. Kisha kipake maji ya sabuni. Chukua wembe mpya. Ukiwa na makali mawili, funika upande mmoja kwa kitambaa kinene usijikate. Ulaze wembe, uusukume mbele taratibu. Usiuvute nyuma. Kioo kiwe kimelowa wakati wote. Wembe ukiwa butu, chukua mwingine. Taa za plastiki usizikwangue kwa wembe.

Mwisho suuza kioo na ukikaushe.

Siku nyingine, funika vioo kwa magazeti makuukuu kabla ya kupuliza rangi. Hata gazeti hili litafaa, ukishalisoma.